Mitumbwi mitatu, wavu mmoja: somo la matembezi na kazi za mikono kwa jamaa zenye watoto wadogo

Tunapozungumzia amani huku kwetu Kivu, mara nyingi tunawaita watu wazima ndani ya chumba, tunawaketisha kwenye viti, kisha mtu mmoja anasimama mbele na kusema. Watoto wadogo tunawaacha nyumbani kwa kuwa wanapiga kelele. Lakini mtoto wa miaka mitano anajua tayari ni mlango upi wa jirani ambao mama yake anaupita bila kusalimu. Hakuna aliyemwambia. Ameona kwa macho yake. Kama chuki inafundishwa kwa macho, basi hata njia ya kurudi kwenye mlango ule inaweza kuonekana kwa macho na kushikwa kwa mikono.

Somo hili ni la walimu, viongozi wa vikundi vya akina mama, wapatanishi wa mitaa na wazazi wanaotaka kutoka kwa siku moja pamoja na watoto wa miaka 3 hadi 8, wafanye kazi ya mikono pamoja na jamaa nyingine. Halihitaji pesa nyingi. Linahitaji matayarisho mazuri na uvumilivu.

KUSUDI LA SOMO

Mwisho wa siku tunataka:

- kila mtoto awe ametengeneza kitu kwa mikono yake, akisaidiwa na mzazi wake;
- kila jamaa iwe imehitaji msaada wa jamaa nyingine angalau mara moja, na imeupata;
- wazazi wawe wamekaa pamoja kwa saa mbili au zaidi bila kulazimishwa kuzungumza juu ya vita.

Jambo la pili ndilo kiini cha somo. Wengi wanadhani kwamba kuwakusanya watoto wa jamii mbalimbali mahali pamoja kunatosha. Hakutoshi. Watoto wanaweza kucheza mchana kutwa, kila kundi upande wake, na wazazi wao vilevile. Kinachowaunganisha ni kazi ambayo jamaa moja haiwezi kuimaliza peke yake.

KWA NINI MTUMBWI WA SAMBAZA?

Mtu yeyote aliyekaa kando ya ziwa Kivu amewaona wavuvi wa sambaza wakitoka jioni. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na wavuvi wanapiga makasia huku wakiimba ili mikono yote iende kwa kipimo kimoja. Usiku wanawasha taa, samaki wanafuata mwanga, na wavu unainuliwa. Mtumbwi mmoja hauwezi kuufanya uvuvi ule. Watoto wetu wanaona jambo hili kila jioni, lakini hakuna anayewauliza maana yake.

Kwa hiyo katika somo hili kila jamaa inatengeneza mtumbwi mmoja mdogo wa shina la mgomba. Jamaa tatu zinaunganisha mitumbwi yao na kupata chombo kimoja chenye wavu mmoja.

Sambaza wenyewe wana habari yao. Hawakuwa ndani ya Kivu tangu zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo bugali kwa sambaza ni chakula cha kila jamii kando ya ziwa. Usianze siku kwa kueleza jambo hili. Litunze mpaka mwisho, mtoto atakapouliza samaki hawa walitoka wapi. Wazazi watasikia jibu, na kila mmoja atafikiri yake.

KOSA LETU LA KWANZA

Mara ya kwanza tulifanya mashindano. Tuliwapa watoto majani makavu ya mgomba na kamba watengeneze mipira, tukaahidi madaftari kwa jamaa itakayomaliza kwanza. Tulidhani watafurahi. Baada ya nusu saa wazazi walikuwa wamewanyang'anya watoto kazi na kuifanya wenyewe. Jamaa mbili zilificha kamba. Baba mmoja alisema kwa sauti kwamba mshindi alijulikana tangu asubuhi, kwa sababu ni wa kabila la yule aliyegawa kamba. Tulirudi nyumbani na ugomvi mmoja zaidi ya ile tuliyokuja nayo.

Tulijifunza mambo matatu. Usitoe zawadi. Usipime nani wa kwanza. Na ugawaji wa vifaa usiwe mkononi mwa mtu mzima mmoja: watoto wenyewe wagawe, mbele ya macho ya wote.

MATAYARISHO

Jamaa. Alika jamaa 9, au 12 kama mna wasaidizi wa kutosha. Hesabu iweze kugawanywa kwa tatu. Pita nyumba kwa nyumba, usitume barua tu. Kila mtoto aje na mtu mzima wa kwao: mama, baba, nyanya, shangazi au kaka mkubwa. Jitahidini akina baba waje. Mtoto wa miaka minne aliyefunga kamba pamoja na baba yake hasahau upesi.

Kuna mzazi atakayeuliza: "Sisi tunakosa chakula, nanyi mnatuita kucheza?" Ni swali la haki, usilikasirikie. Jibu kwa ukweli. Siku hii haileti msaada wa chakula, na usiahidi msaada wowote ili watu waje. Mwambie kwamba mtoto aliyeona vita anahitaji kucheza kama anavyohitaji kulala. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1989 juu ya haki za mtoto, ambayo nchi yetu iliyakubali mwaka 1990, yanataja haki hiyo katika kifungu cha 31. Kisha mwachie mzazi aamue.

Siku. Chagua siku isiyo ya soko wala ya kazi kubwa za shamba. Siku mbili za mwaka zinafaa sana. Tarehe 16 Juni ni siku ya mtoto wa Afrika. Tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi katika Kongo, ambapo asubuhi watu wanakwenda kwenye makaburi ya wazee wao, na baadaye wazazi na watoto wanakula pamoja. Mkichagua siku hiyo, anzeni baada ya makaburi na mfupishe kazi.

Ruhusa. Mjulishe chefu wa kijiji au wa mtaa. Mwambie saa ya kutoka, njia mtakayopita na saa ya kurudi. Pasiwe na bendera, fulana za chama wala hotuba za wakubwa.

Vifaa kwa kila kundi la jamaa tatu:

- shina moja la mgomba uliokatwa baada ya kuzaa, kwa maana linaelea vizuri;
- matete au fito mbili, kila moja ndefu kama hatua mbili za mtu mzima;
- kamba za mgomba zilizolowekwa majini tangu jana yake, zisikatike;
- kipande cha mfuko wa nyavu unaowekewa vitunguu. Msikate chandarua, watoto wasije wakajifunza kwamba chandarua ni cha kuvulia;
- kisu kimoja, kinachoshikwa na mtu mzima tu;
- bidoni ya maji safi ya kunywa, sabuni, na kikwembe kikubwa cha kukalia.

Kisu kimoja na fungu moja la kamba kwa jamaa tatu ni sehemu ya somo. Kifaa kikiwa kimoja, watu wanalazimika kuombana.

USALAMA WA WATOTO

Kiongozi aende mahali penyewe siku moja kabla, kwa miguu yake, na kuangalia mambo haya:

Mazuku. Kwenye ardhi ya volkano karibu na Goma na Sake, kuna hewa mbaya inayotoka chini. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inalala mabondeni na ndani ya mashimo, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Mtoto mdogo yumo hatarini kuliko mkubwa, kwa sababu kichwa chake kiko karibu na ardhi. Ukiona wadudu, ndege au wanyama waliokufa ndani ya shimo, ondoka hapo. Uliza wenyeji, wanapajua. Chagua mahali pa juu penye upepo.

Silaha zilizoachwa. Pale palipopiganiwa, msipite vichakani wala ndani ya nyumba zilizoachwa. Fuateni njia inayotumiwa na watu kila siku. Kabla ya kutoka, waambie watoto mara tatu: kitu cha chuma usichokijua usikiguse, simama, ita mtu mkubwa. Waache wairudie wenyewe.

Maji. Mtoto asiingie ziwani kupita magoti yake, na kila mtoto ashikwe mkono na mtu mzima wake. Afadhali zaidi, chombo kielee ndani ya beseni kubwa ufukoni. Wahesabu watoto mkitoka, kila nusu saa, na mkirudi.

Kipindupindu. Msinywe maji ya ziwa. Chukueni maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, na kila mtu anawe kwa sabuni kabla ya kula.

Picha. Usimpige mtoto picha bila ruhusa ya mzazi, na usiandike jina lake. Kuna jamaa ambazo bado zinatafutwa na watu wabaya.

HATUA KWA HATUA

1. Kura ya vitambaa (dakika 15). Kata vipande vya kitambaa vya rangi mbalimbali, vitatu kwa kila rangi, uvitie ndani ya kikapu. Mtoto mdogo wa kila jamaa anachukua kimoja bila kutazama. Jamaa tatu zenye rangi moja zinakuwa kundi moja. Usiulize kabila la mtu, wala usibadilishe kura.

2. Matembezi (dakika 30). Tembeeni polepole, kwa mwendo wa mtoto mdogo kuliko wote. Kila mtoto aokote kitu kimoja: jiwe, jani, unyoya, ua. Mkifika, kila mtoto aonyeshe alichookota na aseme kwa nini amekipenda. Watu wazima wasikilize tu.

3. Kila jamaa mtumbwi wake (dakika 40). Mtu mzima anakata shina vipande vitatu vya urefu wa mkono na kuchonga katikati. Mtoto wa miaka 3 anatoa utomvu na nyuzi kwa kijiko au kwa vidole. Wa miaka 5 anapamba kwa mkaa na udongo. Wa miaka 7 anatengeneza kasia. Mzazi anayemnyang'anya mtoto kazi, mkumbushe kwa upole: mtumbwi uliopinda wa mtoto ni bora kuliko ulionyooka wa baba.

4. Kuunganisha (dakika 40). Mitumbwi mitatu ipangwe sambamba. Fito mbili zilazwe juu yake, moja mbele na moja nyuma, na kufungwa. Hapa mtu mmoja anashika, mwingine anafunga, mwingine anapitisha kamba. Mtumbwi mmoja ukiwa juu na mwingine chini, chombo kitainama, kwa hiyo lazima wapimane na kurekebisha. Kiongozi asisaidie. Kaa mbali kidogo uangalie.

5. Kuvua (dakika 30). Tia majani madogo majini yawe sambaza. Wavu unafungwa kwa kamba tatu, kamba moja kwa kila mtumbwi, na mtoto mmoja wa kila jamaa anavuta yake. Wakivuta kila mmoja kwa wakati wake, majani yanamwagika. Watajaribu mara nyingi. Mwishowe mmoja wao ataanza kuhesabu au kuimba, na wavu utapanda sawa. Usiwaonyeshe mapema.

6. Kula pamoja (dakika 40). Kila jamaa ilete kidogo ilicho nacho: viazi, ndizi, mahindi, sambaza wakavu. Vyote viwekwe juu ya kikwembe cha kundi.

7. Kugawana chombo (dakika 15). Kila jamaa inarudi nyumbani na mtumbwi wake. Lakini fito na wavu ni vya kundi. Vinakaa wiki moja kwa jamaa ya kwanza, kisha jamaa hiyo inavipeleka kwa ya pili, na ya pili kwa ya tatu. Watoto wapange zamu. Usiiache hatua hii hata kama mmechoka. Siku moja ya furaha inasahaulika upesi, lakini wavu unaotembea unafungua milango.

YALIYOTOKEA KWA JAMAA MBILI

Katika kijiji kimoja cha upande wa magharibi wa ziwa, kura iliziweka pamoja jamaa mbili zilizokuwa hazisalimiani. Ya kwanza ilikimbia mapigano mwanzoni mwa mwaka 2025. Iliporudi, ilikuta shamba lake la mihogo linalimwa na jamaa nyingine, iliyokimbia kutoka milimani na kuonyeshwa pale na mtu aliyedai kuwa ni pake. Mashauri yao yalikuwa mbele ya chefu. Sisi viongozi tuliogopa, tukataka kubadilisha kura kwa siri. Mzee mmoja kati yetu alikataa. "Mkiigusa kura mara moja," alisema, "hakuna atakayeiamini tena." Tukaiacha.

Saa ya kwanza akina mama wawili walipeana migongo. Kisu kilipita kwa mkono wa jamaa ya tatu. Kisha mtoto wa kiume wa miaka minne, wa jamaa iliyorudi, alishindwa kukaza fundo. Mama yake alikuwa ameshika ufito kwa mikono miwili, hakuweza kuuacha. Mtoto akamgeukia yule mama mwingine: "Mama, nifungie." Kwetu kila mwanamke wa umri ule anaitwa mama. Mtoto hakujua kwamba amesema neno kubwa. Yule mama alinyamaza kidogo, akafunga. Halafu, bila kumtazama mwenzake, akasema: "Shika chini kidogo, mama, itateleza." Hayo ndiyo maneno yote waliyosemeana siku ile.

Wiki ya kwanza wavu ulikaa kwa jamaa iliyokuwa inalima shamba. Ilipofika siku ya kuupeleka kwa jamaa ya pili, ambayo ndiyo iliyorudi, mama hakutaka kwenda. Binti yake wa miaka sita alikuwa ameuliza kila asubuhi kama siku imefika. Mwishowe mama alichukua fito na wavu, akaenda na mtoto, akasimama nje ya ua. Akaambiwa aingie anywe maji. Aliingia.

Hatutaki kukudanganya, ndugu msomaji. Mtumbwi wa mgomba haukumaliza ugomvi wa shamba. Mashauri yaliendelea miezi mitatu. Lakini mara hii jamaa zote mbili zilikuja kwa chefu bila kuleta vijana wa kuwasindikiza, kama walivyofanya kwanza. Walikubaliana kwamba waliopanda mihogo waivune, kisha warudishe shamba. Walioondoka walikwenda na uchungu wao, kwa maana nao hawakuwa na pengine. Kijiji kinawatafutia mahali. Kazi ya kuwapatanisha ilikuwa ya chefu na ya wazee. Siku ya mitumbwi iliwapa mahali pa kuanzia tu, kwa sababu walikuwa wamekwisha kufunga fundo moja pamoja.

KAMA HAMKO KANDO YA ZIWA

Kanuni ni ileile: kila jamaa itengeneze sehemu moja, na sehemu moja isifae kitu bila nyingine. Mnaweza kufinyanga mafiga ya udongo, kila jamaa figa lake, kisha mpike viazi juu ya matatu. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu, na mtoto ataliona hilo kwa macho chungu kitakapoanguka. Kwenye milima ya Masisi, au Goma penyewe, tengenezeni chukudu kidogo cha mti: jamaa moja magurudumu, nyingine ubao wa kukanyagia, ya tatu usukani. Chagueni kitu ambacho watoto wanakiona kila siku mahali penu.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

Kwa watoto, mkiwa mmeketi chini:

1. Ulifanya nini kwa mikono yako leo?
2. Nani alikusaidia? Mwonyeshe kwa kidole.
3. Mtumbwi mmoja ukitoka, wavu utakuwaje? Jaribuni tuone.

Kwa wazazi, kila kundi peke yake, bila kiongozi:

1. Ni saa ngapi leo uliomba kitu kwa jirani? Ulijisikiaje?
2. Mtoto wako ameona nini kwako leo ambacho hakuwahi kukiona?
3. Wiki hii nani ataupeleka wavu, na siku gani?

Kwa viongozi, baada ya watu kuondoka:

1. Tulisaidia mahali gani ambapo tungenyamaza?
2. Ni jamaa gani haikuongea na mtu? Nani kati yetu ataitembelea?
3. Baada ya wiki tatu, je, wavu umefika kwenye nyumba ya tatu? Kama umekwama, umekwama mlangoni pa nani, na kwa sababu gani?

Swali la mwisho msilisahau. Mahali wavu ulipokwama ndipo kazi yetu ya amani inapotakiwa kuanza wiki inayofuata. Nendeni hapo polepole, mketi, mwombe maji ya kunywa, msikilize. Tunawatakia matembezi mema, ninyi na watoto wenu.